Wewe usisubiri 45

Ndugu, umeuliza uanze kuchunguzwa saratani ya utumbo mpana ukiwa na miaka 45 au 50, ukagusia kwa pembeni tu kwamba una 38 na baba yako aligundulika nayo akiwa na 47. Hilo la pembeni ndilo jibu lenyewe.

Miaka 50 ni mwongozo wa zamani. Marekani waliushusha hadi 45 mwaka 2021 kwa sababu ugonjwa umeongezeka kwa vijana, ila hiyo ni kwa mtu asiye na historia kwenye familia. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua huanza akiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika mgonjwa, kinachotangulia. Toa 10 kwenye 47: ulipaswa kuanza mwaka jana.

Kipimo cha kinyesi cha kila mwaka kinamfaa asiye na hatari ya ziada. Kwako omba kolonoskopi, yaani kipimo cha kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana, kwa sababu kamera ikikuta kinundu, daktari anakikata hapo hapo kabla hakijageuka saratani. Mimi kilichonisumbua ni ile dawa ya kusafisha tumbo usiku wa kuamkia kipimo. Mpaka unachotoa kiwe kama maji ya njano. Kipimo chenyewe nililala usingizi.

Na ukiona damu kwenye choo, habari za umri ziweke kando, nenda wiki hii hii. Hata uwe na 25.