Barua kwa mwanangu: mlango unaosikika bila kuonekana

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku nyumbani hatujambo, mvua zimeanza, na goti langu linaniruhusu kukaa mezani kwa muda mrefu, ndiyo maana nimeamua kukujibu kwa barua badala ya simu.

Jumapili iliyopita uliniambia kwamba chumba mnachohariria filamu kimeletewa mitambo mipya, kwamba wenzako wamegawanyika, wengine wakiishangilia na wengine wakinuna, na kwamba wewe mwenyewe hujui usimame wapi. Kisha ukaniuliza: “Mama, yule René Clair, mwongozaji wa filamu wa Kifaransa uliyekuwa ukinisimulia tangu nikiwa mdogo, si ndiye aliyeipinga sinema ya sauti ilipoanza? Imekuwaje tena awe miongoni mwa walioifundisha dunia namna ya kuitumia? Alisalimu amri, au alibadili mawazo?” Nilikaa kimya kwenye simu kwa sababu sikutaka kukupa jibu la haraka juu ya mtu ninayempenda.

Nionavyo mimi, hakusalimu amri na wala hakubadili mawazo. Kile alichokipinga mwaka 1929 aliendelea kukipinga, lakini alikuwa amekipinga kwa usahihi mkubwa, yaani alikuwa ametaja ni kitu gani hasa kinachomkera, hata upinzani wenyewe ukamwonyesha pa kupita.

Alizaliwa Paris tarehe 11 Novemba 1898, jina lake la ukoo likiwa Chomette, karibu na lile soko kuu la chakula la Les Halles, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sabuni. Katika Vita Kuu ya Kwanza alihudumu kwenye gari la wagonjwa. Vita vilipokwisha akawa mwandishi wa gazeti, akaingia kuigiza filamu bila kuipa kazi hiyo uzito mkubwa, na hapo ndipo alipojipa jina la Clair, neno ambalo kwa Kifaransa lina maana ya kitu cheupe, angavu, kinachoonekana bila utata. Naomba uukumbuke uandishi huo wa gazeti, kwa sababu maisha yake yote alibaki mwandishi kwanza na mwongozaji baadaye: alitaka muswada uwe umekamilika mezani, kila tukio likiwa limepangwa, kabla kamera haijatolewa sandukuni.

Filamu zake za mwanzo zilikuwa bubu, na hakuziona kuwa na upungufu wowote. Katika Paris qui dort mwanasayansi analisimamisha jiji zima kwa mionzi, na watu waliokuwa juu kabisa ya Mnara wa Eiffel wanashuka na kukuta kila mtu ameganda alipokuwa. Mwaka 1924 akatengeneza Entr'acte, filamu fupi iliyoonyeshwa katika mapumziko ya onyesho la dansi, muziki wake ukiwa wa Erik Satie, ambamo gari la maiti linavutwa na ngamia, waombolezaji wanalifuata wakirukaruka polepole kama waliomo ndotoni, kisha gari linachoropoka na wote wanaanza kulikimbiza. Halafu akaichukua tamthilia ya karne ya 19 ya Eugène Labiche kuhusu kofia ya majani iliyoliwa na farasi, tamthilia ambayo jukwaani ni maneno matupu tangu mwanzo hadi mwisho, akaigeuza kuwa sinema bubu yenye maandishi machache mno. Palipokuwa na maneno akaweka vitu: glavu moja iliyopotea, tai isiyokaa sawa, kiatu kinachombana mtu harusini. Mtu aliyefikia ustadi huo, mwanangu, akiambiwa kwamba kuanzia kesho waigizaji watasimama na kuongea, usishangae akikasirika.

Na hali ya wakati ule iliwapa wengi sababu ya kukasirika. Baada ya The Jazz Singer, filamu ya Kimarekani yenye sauti, kuonyeshwa New York Oktoba 1927, wenye fedha walitaka sauti tu, sauti ya aina yoyote ile. Kamera zilikuwa na kelele, hivyo zikafungiwa pamoja na wapiga picha wake ndani ya vibanda visivyopitisha sauti, na picha iliyokuwa imejifunza kutembea ikarudi kusimama. Maikrofoni zilifichwa ndani ya vyombo vya maua, na waigizaji wakazizunguka kama watu wanaoota moto.

Mwaka 1929 Clair alisafiri hadi London, ambako filamu za sauti zilikuwa zimekwisha kuenea, akaketi kuzitazama moja baada ya nyingine, kisha akaandika alichokiona. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa kuwa angeweza kubaki Paris na kulaani kwa mbali. Aliandika kwamba kinachotisha si uvumbuzi wenyewe bali matumizi ambayo wafanyabiashara wa filamu watayafanya, na kwamba hatari kubwa ni sinema kurudishwa kuwa mtumwa wa jukwaa la tamthilia. Lakini katika filamu ya Kimarekani, The Broadway Melody, aliona jambo moja lililomsimamisha. Mwigizaji Bessie Love, akiigiza dada mkubwa, yuko dirishani, anatazama nje, na mdogo wake anaondoka. Sisi watazamaji hatuonyeshwi gari. Tunauona uso wa yule dada, tunasikia mlango wa gari ukifungwa kwa kishindo na gari likiondoka, basi. Clair alieleza kwamba sinema bubu ingehitaji picha nyingine kulionyesha gari lile, lakini hapa sauti imekuja mahali pa picha kwa wakati wake, na uso haukuachwa hata kidogo.

Nilipoyasoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza nilikumbuka kazi yangu mwenyewe. Unakikumbuka kile kimlango cha mbao, kimo chake kama cha meza, chenye kitasa cha kweli na komeo la kweli, ulichokuwa ukikichezea nilipokuchukua kwenda nami studio wakati wa likizo? Nilipoanza kutengeneza sauti za michezo ya redio nilikuwa nikifuata kila neno la mwigizaji. Akisema “mvua inanyesha”, mimi namwaga mchele kwenye sinia. Akisema “naondoka”, mimi nabamiza mlango. Siku moja mzee aliyekuwa akituongoza alisimamisha kurekodi, akaniuliza kwa upole kabisa, “Binti yangu, kama amekwisha kusema anaondoka, mlango wa nini?” Tangu siku hiyo nikajifunza kumwomba mwandishi afute neno “naondoka”, niachiwe mlango peke yake.

Clair aliporudi kutoka London alikuwa na jambo hilohilo mkononi, na mwaka 1930 akalijengea filamu nzima, Sous les toits de Paris, yaani Chini ya mapaa ya Paris, ambayo aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Fedha zilitoka kwa kampuni ya Kijerumani ya Tobis, iliyokuwa na studio Épinay, nje kidogo ya jiji, na humo ndani msanifu Lazare Meerson akajenga mtaa mzima wa Paris kwa mbao na plasta. Kamera inaanza juu penye mapaa na mabomba ya moshi, inashuka taratibu kuelekea chini, na wimbo unakuja mdogo kwa mbali kisha unakua, mpaka tunafika kwa kijana Albert anayeimba barabarani na kuuza karatasi za nyimbo. Baadaye kamera inapanda tena jengo la wapangaji, ghorofa kwa ghorofa, na kila dirisha lina mtu anayeuimba au kuuguna wimbo uleule kwa namna yake. Hapo hakuna anayetuambia kwamba wimbo umeenea mtaani.

Sasa nikueleze lile pigano, maana ndilo nililotaka kukufikishia tangu nilipoketi. Ni usiku, kando ya reli, penye ua wa mbao. Albert anakutana na mtu mbaya wa mtaa ule, visu vinatoka, watu wa kundi wanawazunguka. Mwongozaji mwingine yeyote wa mwaka 1930, akiwa amepewa mitambo mipya ya sauti, angetusikilizisha kila kofi na kila tusi, kwa sababu hicho ndicho watu walichokilipia. Clair anapitisha treni. Moshi unaufunika ua, mngurumo wa treni unayafunika mapigano, na sisi tunawaona watu wakiviringishana bila kusikia hata pumzi yao. Kisha taa ya barabarani inavunjwa kwa risasi, giza linaingia, na sasa ni masikio yanayofanya kazi. Katika dakika hizo chache mara unanyimwa sauti, mara unanyimwa picha, na kila unaponyimwa kimoja kile kingine kinapata uzito. Kwingineko katika filamu hiyohiyo watu wanazungumza nyuma ya mlango wa kioo wa mkahawa, midomo yao inakwenda nasi hatusikii neno. Na Albert na msichana Pola wanagombana gizani juu ya nani alale wapi, taa imezimwa, sauti zao tu zinasikika.

Paris haikuipokea filamu hiyo kwa shangwe kubwa mwanzoni. Ni Berlin, mwaka huohuo, iliyoipokea kwa makofi, na kutoka hapo ikaenda ulimwenguni, hata kwa watu wasiojua neno moja la Kifaransa. Hilo la mwisho lilikuwa jambo zito, kwa kuwa sinema ya maneno ilikuwa tayari imeanza kujifungia ndani ya mipaka ya lugha.

Mwaka uliofuata, 1931, alitoa filamu mbili, nami sijui ni ipi ningeichagua kama ningelazimishwa. Katika Le Million tiketi ya bahati nasibu iliyoshinda imesahaulika kwenye mfuko wa koti, koti limeondoka na mwizi, na mji mzima unalikimbilia. Linapofika kwenye jumba la opera watu wanalirushiana nyuma ya jukwaa, na Clair anatuwekea kelele za uwanja wa raga, filimbi na washangiliaji, juu ya picha ya watu waliovaa nguo za opera. Katika jumba hilohilo wapenzi wawili waliogombana wamejificha nyuma ya pazia la mandhari huku waimbaji wanene wakiimba mapenzi mbele yao, na wao wanapatana bila kusema neno, maneno wakiazima ya waimbaji.

À nous la liberté inamhusu mfungwa aliyetoroka akawa tajiri wa kiwanda cha gramafoni, na mwenzake wa zamani gerezani anayekuja kumkumbusha alikotoka. Mstari wa wafanyakazi kiwandani unafanana na ule wa wafungwa, na muziki wa Georges Auric hauachi ulisahau jambo hilo. Charlie Chaplin alipotoa Modern Times mwaka 1936, nayo ikiwa na mstari wa wafanyakazi kiwandani, Tobis walimshtaki kwamba ameiga. Clair alikataa kuwaunga mkono. Alieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa amejifunza mengi kwa Chaplin, na kwamba kama kweli Chaplin amechukua kitu kwake, hiyo ni heshima. Nimekutana na wasanii wengi katika kazi yangu, na tabia hiyo si ya kila mtu.

Baada ya hapo safari yake haikuwa nyoofu. Le Dernier Milliardaire ya mwaka 1934 ilikataliwa na watazamaji wa Paris, naye akavuka kwenda Uingereza, ambako aliongoza The Ghost Goes West. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikuwa amerudi Ufaransa na filamu mpya mkononi. Ikakatika katikati na haikumalizwa kamwe. Mwaka 1940 alikimbilia Marekani, na serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ikamvua uraia. Huko Hollywood alifanya filamu kadhaa, ya kupendeza zaidi kwangu ikiwa I Married a Witch ya mwaka 1942, ingawa unaweza kuhisi kwamba mtu aliyezoea kuamua kila jambo mezani kwake sasa alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wengine. Aliporejea nyumbani, filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1947, aliiita Le Silence est d'or, Kimya ni dhahabu, na inamhusu mwongozaji mzee wa enzi za sinema bubu. Unaona, basi, kwamba hakuisahau.

Nisikufiche pia kwamba katika miaka ya 1950 vijana wa Paris waliokuwa wakijiandaa kuibadili sinema walimwona amepitwa, na mipango yake ya mezani imekuwa kama nguo iliyopigwa pasi kupita kiasi. Kwa baadhi ya filamu zake za mwisho naona walikuwa na haki. Yale yaliyokuwa mepesi mwaka 1931 yalikuwa yameanza kukauka. Lakini katika miaka hiyohiyo yeye alikusanya maandishi yake ya ujana, akayachapisha upya akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, na kuyajibu waziwazi, akionyesha alipokosea na alipopatia. Mwaka 1960 akachaguliwa kuingia Akademia ya Ufaransa, heshima ambayo watengenezaji wa filamu hawakuwa wameizoea, na alifariki Machi 1981.

Kwa hiyo, mwanangu, usiniulize mimi kama mitambo hiyo mipya ni mizuri. Kaa mbele yake wiki nzima kama alivyokaa yeye London, kisha uniandikie kwa majina ni kitu gani hasa inachokinyang'anya, na ni kitu gani uliona humo, hata kama ni kimoja, kilichokusimamisha. Diski ya Chini ya mapaa ya Paris nimempa mjomba wako, atapita kwako Alhamisi. Ukifika kwenye pigano la relini, litazame mara mbili: mara ya kwanza kwa macho na masikio, mara ya pili uigeuzie kioo kisogo, usikilize tu. Hesabu umesikia ngumi ngapi kabla treni haijamaliza kupita, nami nitasubiri jibu lako.

Wako akupendaye,
Mama