Maswali na Majibu: Bodi ya F-5E haifungi baada ya kuweka chumba cha rubani cha resini

SWALI: Niko Kisumu, upande wa Dunga. Najenga mfano wa plastiki wa ndege ya kivita F-5E, wa skeli ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ya kweli), na nataka iwe ya Jeshi la Wanahewa la Kenya. Nimenunua vipuri vya ziada: chumba cha rubani cha resini (plastiki ngumu ya kumiminwa), ekzosi mbili za resini, karatasi ya vidude vya brasi na mrija wa pitoti (kijiti cha puani cha kupimia mwendo wa ndege) wa brasi. Nikiweka chumba cha rubani, nusu mbili za bodi zinaacha pengo la milimita 2 mgongoni, nyuma ya kiti cha rubani. Nikizibana, plastiki inapinda. Pili, nilipuliza rangi ya laka kwenye mabawa jioni, mvua ikiwa imetoka kunyesha, na ikakauka na ukungu mweupe. Tatu, naogopa ekzosi za resini zitaifanya ndege ikae kwa mkia. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu, kwanza usizibane tena. Plastiki iliyopindwa huendelea kuvuta hata gundi ikishashika, na mshono hupasuka baadaye, mara nyingi rangi ikiwa imeshakamilika. Kipuri chako pengo hilo hakikulisababisha. Kuna plastiki iliyopaswa kutolewa ambayo bado ipo.

Piga hesabu. Ukuta wa bodi katika seti (pakiti za kuunganisha) nyingi za 1/48 una unene wa milimita 1 hadi 1.5. Zidisha kwa 48 upate sentimita 5 hadi 7, ilhali bati la ndege halisi ni la milimita chache tu. Anayechonga chumba cha resini anataka upana wa kweli wa ndani, kwa hiyo nafasi anaitoa kwenye ukuta huo mnene, akitarajia kwamba wewe utaukwangua. Angalia maagizo ya pakiti: kwa kawaida kuna mchoro mdogo wenye sehemu zilizotiwa rangi au mistari. Hizo ndizo za kuondolewa, na wengi huzipita bila kuzitazama.

Mahali pengo lilipo panaonyesha kinachogusa. Likiwa mgongoni tu na tumbo limefunga, basi kingo za juu za chumba ni pana mno, au ukuta ulio nyuma ya kiti umesimama juu kuliko inavyotakiwa. Likiwa tumboni tu, sakafu ya chumba imekalia kisanduku cha gurudumu la mbele, ambacho kwenye F-5 kiko chini ya rubani. Likiwa juu na chini kwa pamoja, chumba kizima ni kipana. Wewe umesema ni nyuma ya kiti, kwa hiyo anza na ukuta wa nyuma, halafu kingo mbili za juu.

Kabla ya kukwangua chochote, osha resini. Hutoka kwenye kalibu ya silikoni ikiwa na mafuta ya kuiachisha, na gundi wala rangi havishiki juu yake. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kisha uache ikauke usiku mzima. Maji yakiwa ya moto sana, vipande vyembamba vitapinda.

Kisha kata kitako, yaani lile bonge ambalo resini ilimwagiwa. Tumia msumeno mwembamba wa wembe na ubakize kama nusu milimita. Baki hiyo imalizie kwenye msasa namba 240 uliolowa, uliolazwa juu ya kioo bapa, halafu namba 400. Zungusha kipande nusu mzunguko kila baada ya miduara michache, kwani mkono hukandamiza upande mmoja zaidi na sakafu itatoka imeinama. Sakafu ikianza kupitisha mwanga wa tochi, imefika. Kazi hii yote ifanye kwa maji: vumbi la resini ni baya kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haitoshi.

Sasa chukua rangi ya mdomo, ile ya bei ya chini kabisa. Paka utando mwembamba kwenye kingo na ukuta wa nyuma wa chumba cha resini, kiweke mahali pake, funga bodi polepole bila gundi, kisha ifungue. Penye alama nyekundu kwenye plastiki ndipo panapogusa. Kwangua hapo tu, futa, paka tena, funga tena. Ni kazi ya kurudiarudia na haina njia ya mkato, lakini inakuepusha kukwangua mahali pasipohusika. Tumia kisu chenye makali ya mviringo. Mashine ya kuzunguka kwa kasi huyeyusha plastiki kabla hujaona, na ukuta hutoboka.

Lengo lako ni unene wa milimita 0.5 hivi kando ya rubani. Pima kwa kalipa, au washa tochi ndani ya bodi gizani: mwanga ukipenya sawasawa umefika, na doa jeusi linaonyesha pale ambapo bado ni panene. Usisahau vijiti na matuta ambayo mtengenezaji wa seti aliyaweka ndani ili yashikilie chumba chake cha plastiki. Hiyo yote itoke kabisa. Kijiti kimoja cha milimita 1 kilichobaki kinatosha kuleta nusu ya pengo lako.

Bodi ikifunga kwa kubanwa na vidole viwili tu, gundisha chumba kwenye nusu moja peke yake. Gundi ya plastiki haifanyi kazi hapa, kwa sababu huyeyusha plastiki lakini haiigusi resini. Tumia epoksi ya dakika 5 ili upate muda wa kukinyoosha. Supaglu hushika papo hapo, na chumba kikikaa upande hakitatoka bila kuvunjika. Ukishaweka epoksi, funga nusu ya pili kwa tepu bila kuigundisha, weka kioo cha rubani juu kuona kama kinakaa, kisha uache ikauke katika hali hiyo. Ukiruka hatua ya kioo utagundua mwishoni kwamba kichwa cha kiti kinakigusa. Pengo la milimita 0.2 au 0.3 likibaki, lijaze kwa supaglu na uisugue ndani ya saa moja. Ikikaa hadi kesho huwa ngumu kuliko plastiki yenyewe, na msasa utachimba plastiki huku gundi ikibaki mlima.

Vidude vya brasi havina shida kubwa. Vikate juu ya kigae cha sakafu au kioo. Juu ya kitu laini vitapinda. Ule mfereji mwembamba uliochongwa huwa upande wa ndani wa mkunjo. Kipande kigumu kupinda kipitishe juu ya moto wa mshumaa au kiberiti cha gesi hadi kibadilike rangi, kisha kikipoa kitapinda kama karatasi, ila usifanye hivyo kwa vipande vilivyokuja vimeshapakwa rangi kiwandani. Pitoti iweke mwisho wa yote, lakini tundu lake kwenye ncha ya pua litoboe sasa kwa keekee ndogo ya mkono, kabla ya praima (rangi ya kwanza ya chini). Kulitoboa juu ya rangi iliyokamilika ni kujitafutia hasara.

Kuhusu kukaa kwa mkia, usikisie. Funga bodi, mabawa, ekzosi na chumba cha rubani kwa tepu, kisha ilaze ndege juu ya penseli mahali magurudumu makubwa yatakapokuwa. Ikiangukia nyuma, ongeza uzito puani hadi iangukie mbele, halafu zidisha gramu 5 kwa ajili ya rangi na makombora. Chubwi za wavuvi, zile za madini ya risasi, zinafaa sana na kwenu Kisumu hazikosekani. Zikae mbele kabisa ya chumba cha rubani, kwani kadiri zilivyo mbali na magurudumu ndivyo chache zinavyotosha. Zishike kwa epoksi. Gundi nyeupe ya mbao usiitumie na risasi: asidi yake huila risasi, unga mweupe hutokea, unavimba, na baada ya miaka pua hupasuka kutoka ndani. Nawa mikono baada ya kushika chubwi.

Sasa ukungu. Laka hukauka kwa thina kuruka hewani haraka, na inaporuka hupoza uso wa rangi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama baada ya mvua kando ya ziwa, unyevu huo hugeuka matone ya maji kwenye uso huo uliopoa na kunaswa ndani ya rangi kabla haijafunga. Weupe unaouona ni maji hayo. Thina ya bei ya chini ya kupulizia magari, ile inayokauka upesi, huzidisha tatizo, na pia huweza kula plastiki ikipulizwa kwa wingi.

Mabawa yako bado yanaokoleka bila kutolewa rangi. Subiri siku kavu, weka kwenye eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi) thina inayokauka polepole peke yake, bila rangi, na upulize utando mwembamba kutoka sentimita 10 hivi. Mr. Color Leveling Thinner inafaa kwa sababu tayari ina dawa ya kuchelewesha kukauka. Rangi italainika, maji yatatoka na weupe utapotea. Usilowanishe hadi itiririke. Pitisha mara mbili au tatu ukiacha dakika kadhaa katikati. Weupe ukikataa, sugua kwa msasa namba 2000 wenye maji na upulize upya.

Kuanzia sasa changanya sehemu 1 ya laka na sehemu 2 za thina ya polepole, shinikizo la psi 15 hadi 18 kwa ncha ya eabrashi ya milimita 0.3, umbali wa sentimita 5 hadi 8. Kwa Kisumu, wakati mzuri ni kuanzia saa nne hivi asubuhi hadi saa saba mchana: unyevu wa alfajiri umepungua na mvua ya alasiri haijafika. Toa maji kwenye kichujio cha kompresa kila unapoanza. Kama kompresa yako haina kichujio, hicho ndicho cha kununua kabla ya kipuri kingine chochote, maana matone yakitoka kwenye mpira wa hewa hakuna thina itakayokusaidia. Usipulize usiku ukiwa umewasha taa na kufungua dirisha. Vijidudu vya ziwani hufuata mwanga kwa maelfu na vitatua kwenye rangi mbichi. Wasomaji wa Nakuru wana adui mwingine: vumbi la Januari na Februari. Wao wamwagie sakafu maji kidogo kabla ya kuanza na waifunike ndege kwa boksi mara wamalizapo. Popote ulipo, mvuke wa laka unahitaji barakoa ya kichujio cha mkaa na dirisha linalopitisha hewa mchana.

Kuna ukungu mwingine ambao hujauliza lakini utakupata: mvuke wa supaglu huacha utando mweupe ndani ya kioo cha rubani. Kioo kigundishe kwa gundi nyeupe, na kabla ya kukifunga iache supaglu yote ndani ipumue siku nzima.

Kuhusu kuifanya ya Kenya, chagua ndege moja kwanza, kwa picha, ukiangalia namba yake. Kenya ilianza kupokea F-5 mwaka 1978, na miaka mingi baadaye ikanunua nyingine zilizokuwa zimetumika Jordan, kwa hiyo usidhani zote zilifanana kwa rangi au vifaa. F-5E zilitengenezwa na pua za maumbo tofauti, ya mviringo na iliyobapwa, na viti vya rubani havikuwa vya aina moja kwa nchi zote. Linganisha pua ya seti yako, kiti chako cha resini na picha hiyo kabla ya kukwangua, kwa sababu kiti ni rahisi kubadilisha sasa kuliko baada ya bodi kufungwa.

Alama za Kenya hazimo kwenye seti nyingi. Unaweza kuzichapisha kwenye karatasi ya stika za maji (zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa), ila printa za kawaida hazina wino mweupe, kwa hiyo nunua karatasi yenye mgongo mweupe na ukate ukifuata ukingo wa alama kabisa. Wino wa printa ya wino wa maji huyeyuka: baada ya kuchapisha, acha saa 24, pulizia vanishi ya kung'aa mara tatu nyepesi, na ndipo uiloweshe. Rangi ya chini nayo iwe na vanishi ya kung'aa kwanza. Stika ikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa hunasa hewa chini yake na kuacha madoa ya rangi ya fedha.