Maswali ya Wasomaji: Kutoka Porto hadi Santiago kwa Miguu

Toleo lililopita lilikuwa na ramani ya Njia ya Pwani, hija ya miguu inayoanzia Porto, Ureno, ikapanda kaskazini kando ya Atlantiki na kuishia Santiago de Compostela, Uhispania, ambako Wakatoliki wanaamini amezikwa Mtume Yakobo. Ni kilomita 280 hivi. Barua zimekuja nyingi. Hizi ndizo tulizozijibu.

Tuko sita, wa jumuiya moja ya parokia hapa Busia. Hija ya Namugongo, Uganda, tumeshakwenda kwa miguu, kwa hiyo kutembea si kitu kigeni kwetu. Tuna wiki mbili tu. Zinatosha? Na viza tuombe nchi gani?

Zinatosha mkianzia Matosinhos badala ya mlangoni pa Kanisa Kuu la Porto. Nendeni kanisani hapo mchukue kitambulisho cha hujaji, kile kikaratasi cha kukunjwa chenye nafasi za mihuri, gongesheni muhuri wa kwanza, kisha pandeni metro hadi Matosinhos. Mtakuwa mmeruka kilomita karibu kumi za mitaa na bandari, na hakuna mtu atakayewauliza.

Mgawanyo wetu ni huu, kwa makadirio ya kilomita za kila siku: Vila do Conde (24), Esposende (25), Viana do Castelo (26), Caminha (27), kisha boti ya kuvuka mto Minho na kulala Oia (13), Baiona (17), Vigo (25), Redondela (16), Pontevedra (20), Caldas de Reis (22), Padrón (19), Santiago (25). Siku kumi na mbili. Zinazobaki ni akiba ya mvua na ya goti la mtu mmoja wenu, kwa sababu katika watu sita goti moja litauma.

Sheria ya viza ya Schengen, viza moja inayotumika Ureno na Uhispania, ni kuomba kwenye nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ndipo huangaliwa nchi mnayoingilia. Hesabuni usiku: kwa mgawanyo huu mnalala Ureno mara tano, mkihesabu usiku wa kwanza Porto, na Uhispania mara nane. Basi ombeni Uhispania, hata kama ndege inatua Porto. Wengi hukosea hapa kwa kufuata tiketi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000.

Sasa hilo la Namugongo. Kutembea mmezoea, lakini mlizoea udongo na lami. Upande wa Ureno njia hupita juu ya madaraja marefu ya mbao yaliyojengwa juu ya mchanga wa ufuo, na ikiingia vijijini ni mawe yaliyopangwa, kila moja likiinuka kivyake. Macho yanaona tambarare, nyayo zinaona kitu kingine. Mbao zenye umande zinateleza, na ncha ya chuma ya fimbo ya kutembelea huzama katikati ya mbao mbili ikakuvuta bega. Valisheni fimbo kofia za mpira. Halafu kuna upepo wa kaskazini, Wareno wanauita *nortada*. Kiangazi hushika kasi mchana, na ninyi mnaelekea kaskazini, kwa hiyo unawapiga usoni pamoja na mchanga wake. Dawa ni kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufika kabla ya saa nane mchana.

Mama yangu ana miaka 61 na anataka tuende naye. Ana kisukari, anatumia vidonge. Nimesoma habari za malengelenge nikaogopa. Miguu yake itastahimili? (Tanga)

Shikamoo zetu kwa Mama. Anaweza kwenda, ila kwake mguu ndiyo safari yenyewe, kwa hiyo tutakawia hapa.

Lengelenge linatokana na mambo matatu yakikutana: joto, unyevu na msuguano. Punguza hata moja na hatari hushuka. Viatu viwe namba moja zaidi ya kawaida, maana mguu huvimba baada ya saa kadhaa, na viwe vimeshatembelewa kilomita mia moja nyumbani. Kiatu kipya kibaki dukani. Soksi ziwe za sufu laini au nailoni. Pamba hunyonya jasho ikalishikilia. Abebe jozi tatu: moja mguuni, moja ya kubadilisha katikati ya siku, moja ikikauka nje ya begi kwa pini. Kila baada ya saa moja na nusu akae, avue viatu, akung'ute. Pwani hii mchanga huingia bila kusikika, na chembe chache kati ya soksi na kisigino hufanya kazi ya msasa. Kucha zikatwe mraba siku tatu nne kabla ya kuondoka.

Akihisi sehemu inapata moto, asimame palepale, si kwenye kijiji kinachofuata. Akaushe ngozi, abandike plasta ya kitambaa isiyo na mkunjo hata mmoja, ndipo aendelee. Dakika tano hizo huokoa siku tatu.

Lengelenge likishatoka, wenzake wasio na kisukari wanaweza kulitoboa likiwa kubwa na lina maumivu: kuosha kwa sabuni, kusafisha sindano kwa spiriti, kutoboa pembeni mara mbili, kukamua taratibu, na kuiacha ngozi ya juu mahali pake. Ule mtindo wa kupitisha uzi na kuuacha ndani tunaupinga. Uzi ni barabara ya vijidudu. Mama asitoboe kabisa. Alifunike, apumzike, na aende kituo cha afya likionyesha wekundu unaotambaa, joto au usaha. Kila jioni mtu amkague nyayo kwa tochi, pamoja na katikati ya vidole, kwa sababu kisukari huweza kuua hisia na akatembea na kidonda bila kujua.

Kabla ya safari amuulize daktari wake kuhusu dozi. Kutembea kwa muda wa saa sita hushusha sukari, na vidonge vya jamii ya glibenclamide vinaweza kuishusha mno. Mfukoni, si ndani ya begi, awe na juisi ndogo au vidonge vya glukosi.

Mzigo usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mtu. Wapo wanaosafirisha begi kwa gari kutoka malazi hadi malazi kwa euro chache. Kwa Mama lipeni. Namba ya dharura nchi zote mbili ni 112.

Kweli boti ya Caminha haina uhakika?

Kweli. Wanaovusha ni wenye boti ndogo, wanategemea maji kujaa na kupwa na hali ya hewa. Jioni ya kuamkia ulizeni malazini. Wakisema hakuna, fuateni mto hadi Valença, vukeni daraja kuingia Tui, mtajikuta kwenye Njia ya Kati, ile inayotoka Porto kupitia bara. Zote mbili hukutana Redondela. Mkivuka, sogezeni saa mbele: Uhispania imeitangulia Ureno kwa saa moja.

Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, nafanya kazi Hamburg. Wenzangu kazini wamenialika. Nitaruhusiwa? Na nitakula nini?

Ruhusa ipo, hakuna anayeulizwa dini njiani. Mwishoni ofisi ya mahujaji huuliza sababu ya safari: waliotembea kwa nia ya kidini au ya kiroho hupewa cheti cha Kilatini kiitwacho Compostela, wengine hupewa cheti cha kukaribishwa.

Chakula kinahitaji macho. *Caldo verde* ya Ureno ni supu ya viazi na majani yaliyokatwa nyembamba kama sukuma, ukaiona ukafurahi, kumbe juu yake kuna kipande cha soseji ya nguruwe. *Caldo* ya Galicia, jimbo la Uhispania lenye Santiago, ni ngumu zaidi: huchemshwa na mafuta na mifupa ya nguruwe tangu mwanzo, kwa hiyo kutoa nyama hakusaidii. Na ukisema "bila nyama" unaweza kuletewa *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa, maana kwa wahudumu wengi hiyo haihesabiki kuwa nyama. Sema *sem porco* Ureno, *sin cerdo* Uhispania. Bahati nzuri hii ni pwani: dagaa wakubwa wa kuchoma, chewa wa chumvi, pweza, mayai, na pilipili ndogo za Padrón zilizokaangwa kwa chumvi.

Ukiingia kanisa kuu Santiago, usishtuke kumwona Yakobo juu ya farasi na upanga mkononi. Sanamu hiyo inamwonyesha akipigana na Waislamu wa enzi hizo. Walio chini ya kwato hufunikwa kwa maua.

Mihuri mingapi inatosha? Na kunguni je?

Mihuri miwili kwa siku. Kilomita 100 ndizo kiwango cha chini cha kupata Compostela kwa mtembea kwa miguu. Mkahawa, kanisa, malazi, wote wanagonga. Ukianzia Vigo uko ukingoni mwa hesabu, hivyo usikate njia mkato.

Kunguni: kabla ya kutandika, inua godoro uangalie mishono na pembe, tafuta vidoa vyeusi kama vya kalamu. Begi lisikae kitandani. Ukiumwa, nguo zote kwenye mashine ya kukaushia, moto mkali, nusu saa. Malazi ya umma ya Galicia hutoa shuka la kutupa, hufunguliwa saa saba mchana, hayapokei oda ya mapema, na hutaki kuwa wa arobaini kwenye foleni.

Begi haliruhusiwi ndani ya kanisa kuu, liacheni malazini kabla ya Misa ya mahujaji ya saa sita mchana.