Usilionyeshe tendo lote: jibu kwa anayeandika filamu ya kisasi

Mdogo wangu, umeuliza jambo zito kwenye mjadala wetu hapa mtandaoni, na umeuliza kwa heshima, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Unaandika filamu ya kutisha itakayopigwa huko kwenu Nakuru, upande wa Menengai. Msichana anabakwa na wanaume anaowafahamu, anaachwa akidhaniwa amekufa, kisha anarudi kuwawinda mmoja baada ya mwingine. Unataka kujua kama ubakaji wenyewe uonyeshwe wote, maana wenzako wanashikilia kwamba mtazamaji hatakubali damu ya kisasi asipoliona kosa kwa macho yake.

Jibu langu ni hapana. Sisukumwi na haya, wala sisukumwi na dini. Nasukumwa na yale niliyoyaona kazini.

Mimi na kaka yangu tuna duka la muvi Kondele, Kisumu. Mtu analeta flashi, tunamwekea anachotaka, analipa, anaenda zake. Kabla ya hapo tulikuwa na kibanda cha video. Filamu za aina hii zina wateja wake. Siku moja kijana mmoja aliomba kwanza ahakikishe picha iko safi, nikamfungulia kwenye kompyuta. Mwanzo hakuutazama. Alishika kipanya akauvuta ule mstari wa muda chini ya picha, akapita safari, akapita nyumba ya mtoni, akasimama pale pale msichana anapoangushwa. Akatazama, akarudisha nyuma, akatazama tena. Kisha akasema iko sawa, nimwekee. Sehemu ya kisasi hakuigusa kabisa.

Wala hakuwa peke yake. Nimeletewa flashi zenye vipande hivyo tu, vimekatwa kutoka filamu mbalimbali, vimepitia WhatsApp hadi jina la filamu limepotea. Ukimuuliza aliyenavyo huyo msichana ni nani au nini kilifuata, hajui na hajali. Wenzako wanadhani mtazamaji atakaa tangu mwanzo hadi mwisho, ili kisasi kije kuusafisha ule mwanzo. Huku mtaani filamu haifiki hivyo. Inafika ikiwa vipande, na kipande utakachokuwa umekipiga kwa ufundi mkubwa zaidi ndicho kitakachoishi muda mrefu zaidi. Bodi ya Uainishaji wa Filamu inaweza kuipa alama ya 18 au hata kuizuia, lakini kipande kilichokatwa hakibebi alama yoyote.

Halafu kuna madijei wa kutafsiri. Unawajua, wanaoweka sauti yao ya Kiswahili juu ya filamu. Tulipokuwa na kibanda nilisikia filamu moja kwa sauti za madijei wawili. Wa kwanza aliendelea na vichekesho katikati ya ubakaji, akimpa msichana majina, na benchi zima likacheka. Wa pili alinyamaza, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu dada ameumizwa, twende mbele," na kibanda kikatulia. Picha zilikuwa zile zile. Wewe hutakuwepo kuchagua sauti itakayowekwa juu ya kazi yako.

Sasa nikupe upande wa pili, maana sitaki uniweke kwenye kundi la wanaosema filamu hizi zifutwe zote. Kuna dada mteja wangu anayezipenda kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwenyewe aliniambia yaliyompata, na hayo sitayaandika hapa. Aliniomba nimkatie filamu iwe inaanzia pale msichana anapojiinua kutoka matopeni. "Nataka kumwona akishinda," alisema. "Hilo lingine nalijua." Nikamkatia. Nikaitazama ile iliyokatwa hadi mwisho, na haikupungukiwa na kitu. Majeraha mwilini, jinsi anavyotembea, jinsi wale wanaume wanavyobabaika wanapomwona, vyote vilikueleza kilichotokea.

Na watu kama yeye si wachache kwenye viti vya watazamaji wako. Baada ya uchaguzi wa 2007 ukatili huu ulipita hapa Kisumu na ukapita huko kwenu Nakuru, hadi Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi huo, ikautengea sura nzima katika ripoti yake. Kesi ya manusura 8 ilikaa mahakamani miaka, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaamuru 4 kati yao walipwe fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Hao ni wale tu waliofika mahakamani.

Mchangiaji mmoja kwenye mjadala huu amesema kuficha tendo ni kuwafichia wabakaji. Naielewa hasira yake, ila naona anatafuta uovu mahali pamoja tu. Chukua ile filamu ya 1978, I Spit on Your Grave, ambayo wengi wenu mmeitaja. Mwongozaji wake, Meir Zarchi, alieleza kwamba wazo lilimjia baada ya kukutana na msichana aliyebakwa kwenye bustani jijini New York. Alimpeleka polisi, na afisa akaanza kumhoji badala ya kumkimbiza hospitalini, ilhali taya lake lilikuwa limevunjika. Kilichomchoma Zarchi zaidi ni yule afisa. Lakini yule afisa hayumo kwenye filamu. Kilichomo ni karibu nusu saa ya kumtesa msichana.

Sasa linganisha na Busia, 2013. Msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume na kutupwa kwenye shimo la choo. Polisi wakawaadhibu waliokamatwa kwa kuwafyekesha nyasi, kisha wakawaacha waende. Watu zaidi ya milioni moja walitia saini kudai haki, na ilipofika 2015 wanaume 3 walifungwa miaka 15 kila mmoja. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa tendo ili akasirike. Ile adhabu ya kufyeka nyasi ilitosha. Kama unataka mtazamaji wako atamani kisasi, mpeleke msichana wako kituoni. Aonyeshwe akisimama mbele ya kaunta, askari akimuuliza alikuwa amevaa nini, akitumwa kutafuta fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, huku saa 72 za kupata dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zikiyoyoma. Hapo hata mimi nitashangilia akishika panga.

Ukitaka mfano wa kiufundi, tazama Revenge ya Coralie Fargeat, ya 2017. Tendo linapoanza, kamera inamfuata mwenzake wa mbakaji. Anaona kinachoendelea chumbani, anaufunga mlango, anaongeza sauti ya televisheni. Mimi huyo ndiye aliyenitia kichefuchefu kuliko mbakaji mwenyewe. Filamu hiyo ina mambo yanayonikera, hasa jinsi kamera inavyoupapasa mwili wa msichana mwanzoni, lakini ule mlango ujifunze.

Umesema pia kisa umekichota kwa jambo la kweli la mtaani kwenu. Basi nenda kwa huyo aliyepatwa nalo kabla hujaandika ukurasa mwingine. Bandit Queen, filamu ya Kihindi ya 1994 kuhusu Phoolan Devi, mwanamke aliyewahi kuongoza genge la majambazi, ilimwonyesha akibakwa, naye akiwa hai, na akaenda mahakamani kuipinga. Hata huyo wa mtaani kwenu akibadilishwa jina na kuhamishiwa mtaa mwingine, jirani zake watamtambua. Akikataa, tunga kisa kingine.

Mwisho ni mwigizaji wako. Asome maandishi yote kabla ya kukubali, sio siku ya kupiga. Mkubaliane nani atakayemgusa, wapi, na kwa muda gani, na siku hiyo wasiohusika watoke nje. Na zile picha zisizotumika, usimwachie mpiga kamera kadi aende nayo nyumbani. Kaeni wewe na mwigizaji, mzipitie pamoja, mzifute siku hiyo hiyo, kwa sababu zikitoka zitanifikia hapa Kondele kwenye flashi ya mtu ambaye hajawahi kusikia jina la filamu yako.