Mguu mmoja umevimba, kwa nini zitibiwe figo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Pangani. Mguu wangu wa kushoto umevimba, huu ni mwaka wa tatu. Ulianza na homa na mtoki kinenani, ukatulia, ukarudi tena. Zamani nikilala uvimbe unapungua, siku hizi haupungui. Mwezi uliopita nilipimwa na mashine ile ya kushika kichuma mkononi, nikaambiwa figo zinafanya kazi kwa asilimia 40 na sumu zimeshukia mguuni. Nikauziwa dawa ya unga ya kusafisha figo. Nakojoa sana, nasikia kizunguzungu, lakini mguu uko vilevile. Je, niongeze dozi?

JIBU: Marahaba, mama. Usiongeze. Iache leo hii. Kizunguzungu hicho ni mwili unaopoteza maji na chumvi ambazo ulikuwa unazihitaji, na ukiendelea hivyo, figo zinazodaiwa kutibiwa ndizo zitakazoumia.

Hiyo asilimia 40 isahau. Kichuma cha kushika mkononi hakipimi figo. Figo hupimwa kwa damu, tukiangalia kreatinini, taka ambayo figo hutakiwa kuitoa, na kwa mkojo, tukiangalia kama protini inavuja. Nenda hospitali ya wilaya ukapimwe vyote viwili, kwa sababu umekunywa kitu ambacho hakuna anayejua kina nini.

Sasa niseme jambo linalonichosha kuliko yote, maana sipiti wiki bila kukutana nalo: imani kwamba kila uvimbe ni figo, na kwamba ukikojoa sana uvimbe utatoka na mkojo. Figo hazina mrija unaokwenda mguuni. Zinachuja damu tu. Kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu, karibu yote huyarudisha mwilini, na lita moja na nusu au mbili ndiyo inayoshuka kwenye kibofu. Maji yaliyokwama kwenye nyama ya mguu wako hayajafika kwenye damu, kwa hiyo figo hazina namna ya kuyagusa.

Kazi ya kuyarudisha kwenye damu ni ya mfumo wa limfu. Mishipa midogo ya damu huvujisha majimaji mchana na usiku, pamoja na protini kidogo. Sehemu isiyorudi yenyewe huokotwa na mishipa ya limfu, myembamba sana, isiyo na moyo wa kuisukuma. Hujikaza yenyewe, husaidiwa na misuli ya shavu la mguu unapotembea, na ina vali za kuzuia limfu isirudi chini. Limfu hupita kwenye tezi za kinenani, hizo zinazovimba tukaziita mitoki, hupanda tumboni na kifuani, kisha humwagwa kwenye mshipa mkubwa wa damu nyuma ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa mbele kati ya bega na shingo. Miguu yote miwili humwagia huko. Ni baada ya hapo tu ndipo figo hupata zamu yao.

Njia hiyo ikiharibika, protini hubaki mguuni na huvuta maji. Ukinywa dawa ya kukojoza, iwe unga wako au Lasix ya duka la dawa, unapunguza maji ya damu huku protini imekaa palepale, na maji yanarudi. Ni sawa na kumwaga maji ya pipa la jikoni ukitegemea mfereji wa nje uliojaa taka uzibuke. Na kadiri miaka inavyopita ngozi inakuwa ngumu, ndiyo maana siku hizi ukilala haupungui.

Uvimbe wa figo una tabia zake. Hushika miguu yote miwili, uso huvimba asubuhi hasa kuzunguka macho, mkojo hutoa povu, mara nyingi na presha juu. Mguu mmoja, ulioanza na homa na mtoki, kwa mtu wa mwambao wa Tanga, kwanza kabisa unanifanya nifikirie matende. Mbu humwingizia mtu vijidudu vya minyoo, vikikomaa kuwa minyoo hukaa kwenye mishipa ya limfu na kuilegeza mpaka vali hazifungi. Kwa wanaume huishia mara nyingi kwenye busha. Zamani tulilazimika kutoa damu kati ya saa 4 na saa 8 usiku, kwa sababu ndipo vijidudu vinapotembea kwenye damu. Sasa kipo kipimo cha haraka cha kuchoma kidole kisichongoja usiku. Usishangae kikisema huna: minyoo inaweza kuwa imekufa zamani na uharibifu ukabaki.

Mguu huo hautarudi ulivyokuwa, sitakudanganya. Lakini unaweza kuacha kukua, na zile homa zinaweza kupungua sana, kwa sababu homa hizo nyingi ni bakteria wanaoingia kwenye nyufa za ngozi. Osha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi. Tenganisha vidole, angalia kati ya kidole cha nne na cha mwisho ambako ngozi huwa nyeupe, laini, imechanika. Hapo ndipo mlango. Kausha kwa kitambaa laini bila kusugua, paka dawa ya fangasi pale palipochanika. Ukikaa, inua mguu. Chezesha kifundo mara nyingi. Vaa viatu vilivyo wazi kidogo lakini vinavyokinga. Homa ikirudi na mguu kuwa mwekundu, nenda zahanati upewe antibayotiki, usisubiri.

Mfumo wa limfu na wa mkojo hukutana kwa namna moja ambayo watu wengi wa pwani wameiona bila kuielewa. Mishipa ya limfu ya tumboni ikijaa kupita kiasi, inaweza kupasukia kwenye njia ya mkojo, na mtu akakojoa mkojo mweupe kama maziwa, hasa baada ya kula mafuta. Hayo ni mafuta ya chakula yaliyobebwa na limfu. Wengi huambiwa ni UTI sugu na kumeza antibayotiki kwa miezi. Ukiuona, sema hivyo kwa daktari, na upeleke sampuli.

Na hili ni kwa wasomaji wote. Figo haihitaji kusafishwa na mtu. Yenyewe ndiyo msafishaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, makumi ya wanawake wa Brussels, Ubelgiji, waliharibikiwa figo baada ya kutumia dawa za kupunguza unene zenye mitishamba, ambamo mmea wa jamii ya Aristolochia uliingizwa. Wengi waliishia kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, au kupandikizwa figo, na wengine baadaye wakapata kansa ya njia ya mkojo. Imani iliyo nyuma ya dawa kama hizi ni moja: cha asili hakidhuru. Huku kwetu nawaona pia waliochanjwa chale mguuni kwa wembe ili „maji machafu yatoke“, na kila chale ni mlango mpya wa bakteria. Nawaona waliokimbia vidonge vya kingatiba ya matende, ivermectin na albendazole, kwa uvumi kwamba vinaua uzazi, ingawa kazi ya kuvigawa ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000 na imewaepusha watoto wengi na mguu kama wako.

Huo unga uliobaki usiutupe. Uende nao hospitali ukiwa kwenye pakiti yake, na karatasi ya ile mashine, daktari atakayepima kreatinini yako avione.