Kichocheo bila metali: majibu kwa wasomaji wa Lamu na Malindi

Kichocheo "kinachochagua" kina faida gani? (Mwanafunzi, Langoni, Lamu)

Kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Molekuli nyingi huja kwa jozi, mfano wa mkono wa kulia na wa kushoto. Kavoni (kiini cha harufu cha mimea) ya mkono mmoja hunukia nanaa, ya mkono wa pili hunukia kisibiti. Mwili nao huzitofautisha, ndiyo maana mtengenezaji dawa hutaka mkono mmoja tu. Kichocheo kinachochagua hutoa zaidi mkono huo.

Maabara yetu ya shule ina vifaa vichache. Tuanzie wapi? (Mwalimu, Malindi)

Anzeni na prolini, asidi ya amino iliyomo hata mwilini. Mwanakemia Benjamin List na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba huchochea mmenyuko ulio hapa chini na kuchagua mkono; yeye na David MacMillan wakatunukiwa Nobeli ya Kemia 2021.

Changanyeni mililita 8 za DMSO (kiyeyushi) na 2 za asetoni. Yeyusheni humo miligramu 151 za 4-nitrobenzaldehidi (milimoli 1), kisha tieni miligramu 35 za L-prolini (prolini ya mkono mmoja), yaani asilimia 30 kwa hesabu ya moli. Vaeni glavu: DMSO hupenya ngozi pamoja na kilichoyeyuka ndani yake. Korogeni saa kadhaa mkipima kwa bamba la kromatografia, linalotenganisha vitu kuwa madoa, hadi doa la 4-nitrobenzaldehidi lififie. Halafu tieni maji yaliyoshiba kloridi ya amonia, mvune zao (kilichotengenezwa) kwa ethili asetati, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, na kuliosha kwa maji mara kadhaa. Prolini na DMSO hubaki majini. List alipata asilimia 68 ya zao, na katika kila molekuli 100, 88 za mkono mmoja.

Zao langu halizungushi mwanga kwenye polarimita (kifaa cha kupima mkono wa molekuli). Kwa nini? (Msomaji, Watamu)

Soma kibandiko cha chupa kwanza. DL-prolini ina mikono yote miwili, hivyo hutoa nusu kwa nusu. Kama ni L, huenda zao limepoteza maji na kupata kiungo maradufu kati ya kaboni mbili. Likifika hapo halina mkono tena. Kwenye bamba, doa lake hupanda juu zaidi. Chanzo huwa joto au kuacha mchanganyiko muda mrefu mno. Mchana wa Watamu, weka chupa ndani ya beseni la maji ya nyuzi 22 hadi 25.

Unyevu wa bahari hautaharibu kazi? (Shela, Lamu)

Mmenyuko wenyewe hutoa maji kidogo njiani, hivyo hauhitaji gesi ya naitrojeni ya kuzuia unyevu. Ila prolini hufyonza unyevu na vipimo hupotoka; ifungeni pamoja na silika, chembe zinazonyonya unyevu.

Asidi ya ndimu je?

Huchochea baadhi ya mimenyuko, lakini asidi hiyo, yaani ya sitriki, haina mkono, basi haiwezi kuchagua.