Maswali ya wasomaji: Mezani siku ya Krismasi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za Krismasi. Nimechagua zile zinazogusa meza za watu wengine, kwa sababu huko ndiko kazi yangu ilikonilea. Mpishi wa meli ya mizigo hupikia Mfilipino, Mpoland, Mhindi wa Goa na Muukraine kwa jiko moja, na Desemba ikifika kila mmoja anakuja mlangoni kunong'ona anachokitamani.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Binti yangu ameolewa na kijana wa Poland. Mwaka huu mkwe amesema mkesha wa Krismasi atapika yeye, na mezani hakutakuwa na nyama hata kipande, ni samaki na mboga tu. Nimeumia kidogo. Mkwe anamkaribisha mama mkwe kwa samaki siku kama hiyo? Hii si dharau?

JIBU: Marahaba, mama. Hakuna dharau hapo, na amekupa heshima kubwa kuliko unavyodhani. Kwa Wapoland mlo mkuu wa Krismasi ni huo wa jioni ya tarehe 24 Desemba, unaoitwa Wigilia. Tangu zamani mkesha ulikuwa siku ya Wakatoliki kujinyima nyama. Siku hizi sheria ya Kanisa haiwabani tena, lakini desturi wameishikilia. Nyama itakuja kesho yake, tena kwa wingi.

Nikueleze utakachokiona ili usishtuke. Chini ya kitambaa cheupe cha meza hutandazwa nyasi kavu kidogo, ukumbusho wa hori alimolazwa mtoto Yesu. Kuna sahani moja ya ziada isiyo na mwenyewe; hiyo ni ya mgeni atakayebisha hodi bila taarifa. Watoto hutumwa dirishani kuitafuta nyota ya kwanza, na mpaka waione hakuna anayekula. Kisha, kabla kijiko hakijaguswa, kila mtu hupewa opłatek, mkate mwembamba mweupe unaofanana na ule wa komunyo. Unamega kidogo cha mwenzako, naye anamega chako, mnatakiana heri macho kwa macho, mmoja baada ya mwingine, mpaka mezani mmalizane wote. Hapo ndipo pa kujiandaa, mama. Mkwe wako atasimama mbele yako na kipande mkononi, na atakuombea mema kwa kinywa chake. Uwe na maneno yako tayari. Mabaharia wa Poland niliofanya nao kazi hawakuwa watu wa kulia ovyo, lakini kwenye opłatek niliwaona wakifuta macho.

Vyakula kwa desturi ni 12, kwa hesabu ya mitume. Kutakuwa na supu nyekundu ya bitiruti yenye vitonge vidogo vya unga vilivyojazwa uyoga, samaki wa bwawani aitwaye karp aliyekaangwa, heringi wa chumvi, pierogi, yaani vifuko vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa kabichi na uyoga, na mkate mtamu wa kusokota wenye mbegu nyeusi za popi. Onja kila kimoja japo kijiko kimoja, ndivyo inavyotakiwa, kwa hiyo usishibe kwenye supu. Ukitaka kwenda na kitu mkononi, usipike kuku. Peleka matunda makavu, hasa plamu zilizokaushwa; kama huna, basi tufaha na zabibu kavu. Huyachemsha wakapata kinywaji cha mlo huo, kompot.

Wapoland hawako peke yao. Walithuania nao wana vyakula 12 visivyo na nyama mkesha. Wareno usiku huo hula bacalhau, samaki mkavu wa chumvi, aliyechemshwa na viazi, kabichi na mayai kisha akamwagiwa mafuta ya zeituni. Samaki huyo ana kazi yake: unamloweka kwenye maji baridi siku moja hadi mbili, unabadilisha maji mara kadhaa, na ngozi inakaa juu au chini kufuatana na mpishi, lakini kipande kinene lazima kizame chote. Kabla ya kumpika, chuna unyuzi mdogo wa katikati uonje. Ukiwa bado mkali wa chumvi, mrudishe majini. Waitaliano wengi wa kusini na wajukuu zao walioko Marekani hupika samaki wa kila namna usiku uleule. Sababu ni moja. Ndiyo maana mimi, nikitaka kujua watu wanakula nini Krismasi, huanza kwa kuuliza walikuwa wakijinyima nini kabla yake.

SWALI: Mjomba, jirani yangu ni Mwethiopia, mtu mwema sana. Tarehe 25 Desemba mwaka jana nilimpelekea sahani ya nyama ya kuchoma. Aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru, lakini baadaye mwanawe akaniambia hawakuila. Nilimuudhi?

JIBU: Hukumuudhi. Nia yako ilikuwa njema, ila tarehe haikuwa yake. Waorthodoksi wa Ethiopia husherehekea Krismasi, wenyewe wanaiita Genna, tarehe 7 Januari. Kabla yake wana mfungo wa siku 43, na katika siku hizo hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Sahani yako ilimkuta akiwa amebakiza karibu wiki mbili. Kuipokea bila kukuambia kitu ulikuwa upole wake.

Mwaka huu, ukitaka kumpelekea kitu tarehe 25, pika dengu kwa mafuta ya mimea. Usitie samli, hata tone. Kisha tarehe 7 Januari ukikaribishwa, nenda na njaa. Utakuta doro wat, mchuzi mzito wa kuku juu ya injera, mkate wao laini ulio bapa kama chapati. Nimemwona mama wa Kiethiopia akiupika tangu mwanzo, na kilichonishangaza ni vitunguu. Vilikuwa sufuria nzima, vimekatwa vidogo mno, vikawekwa motoni vikavu, bila mafuta, akikoroga kwa subira mpaka vikalainika na kugeuka rangi. Ndipo ikaingia samli yenye viungo, ikafuata berbere, ile pilipili nyekundu iliyochanganywa na viungo vingi, na kuku akaja mwishoni kabisa. Kwa desturi kuku huyo hukatwa vipande 12. Mayai ya kuchemsha yaliyomenywa huzamishwa mzimamzima mchuzini. Hebu fikiria mtu ambaye kwa siku 43 hakuonja yai wala samli, halafu anamega injera na kuichovya humo asubuhi baada ya ibada ya usiku kucha. Hakuna mpishi anayeweza kutengeneza ladha hiyo kwa viungo peke yake.

SWALI: Eti Wajapani hula kuku wa kukaanga wa KFC Krismasi? Tumebishana kazini.

JIBU: Ni kweli, na aliyesema hivyo umlipe soda yake. Kampuni hiyo ilianza kampeni yake ya Krismasi kote Japani mwaka 1974, na watu wakaipokea. Wakristo huko ni wachache mno na Krismasi si sikukuu ya taifa, hivyo hapakuwa na mlo wa zamani wa kuuondoa mezani. Familia huagiza ndoo yao wiki kadhaa kabla. Baada ya kuku huja keki laini ya krimu na stroberi.

SWALI: Mimi na mume wangu hatuelewani. Yeye anataka tule usiku mara tu tukitoka kanisani, mimi nataka mchana wa tarehe 25 nikiwa nimelala vizuri. Saa sahihi ni ipi?

JIBU: Kila mmoja wenu ana taifa zima nyuma yake, mwanangu. Wafilipino wanaanza misa za alfajiri tarehe 16 Desemba, na baada ya misa ya usiku wa tarehe 24 hukaa kwenye Noche Buena, karamu ya usiku wa manane: paja la nguruwe lililopikwa kwa sukari, tambi, na jibini la mviringo lenye ganda jekundu la nta. Melini walikuwa wakinikatalia kabisa wazo la kusubiri mchana. Waingereza wao hula tarehe 25 mchana, na mkesha hauna mlo mkubwa.

Lakini ninaowapenda katika jambo hili ni Wajerumani. Katika nyumba nyingi mkesha wao ni saladi ya viazi na soseji, basi. Viazi huchemshwa mapema, soseji hupashwa moto kwenye maji kwa dakika chache, na mama wa nyumba anakaa na wanawe kama watu wengine. Bata bukini na kabichi nyekundu husubiri kesho. Fanyeni hivyo: usiku mpate kitu chepesi kilichoandaliwa mchana, na mzee akishike yeye kijiko cha kupakua. Mlo mkubwa uwe saa zako.

SWALI: Nimenunua bata mzinga aliyegandishwa wa kilo tano. Mara zote nyama ya kidari hukauka kama ubao. Nifanyeje?

JIBU: Anza mapema. Mtoe kwenye friza siku tatu kabla, umweke kwenye friji juu ya sinia, rafu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Usimyeyushe juu ya meza. Akishayeyuka, mfute kwa karatasi za jikoni (kumwosha kunarusha vijidudu sinki nzima), umpake chumvi kiasi cha kijiko kidogo kwa kila kilo, nje na ndani, alale nayo usiku mmoja akiwa wazi kwenye friji.

Kidari hukauka kwa sababu huiva kabla ya mapaja, na sisi tunaendelea kuoka tukiyasubiri. Nunua kipimajoto cha nyama. Choma sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa; ikifika nyuzi 74 za selisiasi, na kidari hivyo hivyo, toa. Kidari kikitangulia kupata rangi, kifunike kwa karatasi ya fedha. Usimjaze vitu tumboni, kwa maana vinachelewesha joto la ndani. Pika kijazio kwenye bakuli lake. Akitoka, mwache atulie nusu saa kabla ya kisu. Maji unayoyaona yakimwagika kwenye ubao ndiyo uliyokuwa unayatafuta kwenye kidari.

Na kama huyo bata anakunyima usingizi, mwakani oka kuku wawili. Bata mzinga asili yake ni Amerika, na Ulaya hakufika mpaka karne ya 16. Watu walikuwa wakila Krismasi siku zote hizo kabla yake.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Sina oveni, na dada yangu aliyejifungua majuzi hatumii maziwa. Kuna kitamu chochote cha Krismasi ninachoweza kupika kwa jiko la kawaida?

JIBU: Marahaba, na hongereni kwa mtoto. Chakula chako kipo, kinaitwa meghli, na ni cha Walebanoni. Wao humpikia mama anapojifungua, na wageni wanaokuja kumwona mtoto hupewa bakuli. Krismasi Wakristo wa Lebanoni hukipika kwa sababu ileile, kuna mtoto amezaliwa. Kwenu mwaka huu kitafaa mara mbili.

Chukua kikombe kimoja cha unga laini wa mchele, kikombe kimoja cha sukari, vijiko vikubwa viwili vya kisibiti kilichosagwa na kimoja cha mdalasini. Koroga vyote kwenye vikombe vinane vya maji baridi kabla ya kuwasha moto, la sivyo utapata madonge. Koroga mfululizo mpaka ichemke, punguza moto, kisha endelea kukoroga karibu saa nzima. Usikatishe njiani ukiona imeanza kuwa nzito, maana unga ambao haujaiva huacha chengachenga ulimini. Ikiwa tayari itakuwa ya kahawia na itaufunika mwiko. Gawa kwenye bakuli ndogo, ipoe, iingie kwenye friji. Lozi na jozi ziloweke tangu usiku kwenye maji ili zilainike, uzimenye, uzipange juu pamoja na nazi iliyokunwa wakati wa kuandaa tu, zisije zikazama.